Nsimire na Maombi ya Asubuhi Nyamityobora

Mmeniambia niandike, ninyi mliobaki karakana. Nilipowasimulia haya kwa mdomo nusu yenu mlikuwa mnatazama simu na nusu mlikuwa mnasubiri chai, kwa hiyo naona afadhali niyaweke kwenye karatasi, mtu asome akipata nafasi. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, maana hata mimi sikumbuki vizuri, na mshahara ni mambo ya mtu na nyumba yake. Nitaandika tulivyofanya kazi, na zaidi nitaandika habari za binti mmoja aliyekaribia kufukuzwa kazi Mbarara kwa sababu hakufumba macho. Hiyo haimo kwenye masomo ya kompyuta, na ndiyo niliyojifunza kwa taabu kuliko zote.

Nilifika Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, mwaka 1996 nikitokea Kivu Kusini, Kongo, na mkasi wa kukatia nguo nimeufunga ndani ya kitenge. Cherehani ilibaki. Watu huniuliza kwa nini nilibeba mkasi nikaacha sufuria. Mtu anayekimbia anashika kilicho karibu. Tulipewa kiwanja Juru, humo humo Nakivale, tukapanda maharagwe na mahindi kama kila mtu, na mikono yangu iliyozoea kitambaa ikajifunza jembe. Ilijifunza vibaya. Majirani walicheka mistari yangu ya maharagwe, ingawa ilinyooka kuliko yao, kwa kuwa niliipima kwa uzi.

Aliyenitoa shambani ni Mzee Silasi, fundi nguo Mkongomani aliyetutangulia kufika. Miguu yake ilipooza tangu utotoni, akawa anatembelea magongo, na alishona kwa cherehani ya mkono kwa sababu ile ya kukanyaga haikumfaa. Aliuona mkasi wangu kabla ya kuniona mimi.

"Mama, uyu mukasi ni wa kukatia nguo ama wa kukatia mboga?"

"Wa nguo, Papa."

"Basi lete. Mi niko na mashini, sina mukasi."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Siku ya kwanza alinipa kola ya shati nishone. Nikashona, akaitazama, akaifumua. Nikashona tena, akaifumua tena, na wakati huo mwenye shati alikuwa amekaa mlangoni anasema imetosha, Mzee, ni nzuri hivyo hivyo. Silasi aliendelea kufumua. Mteja alipoondoka ndipo aliponieleza.

"Batu bakiona magongo yangu, banasemaka asante mbele ya kuona nguo. Banasikia huruma. Iyo asante haimurudishake mutu hapa. Minataka aangalie nguo, asahau magongo, kisha arudi."

Maneno hayo niliyabeba miaka yote, na mliofanya kazi nami mmeyasikia hadi mmechoka. Silasi aligeuza kila nguo ndani nje kabla ya kuitoa, akapitisha kidole kwenye mshono, na penye uzi uliolegea alikata pale pale bila kunitazama usoni. Nilimwogopa, nikampenda, na alipofariki nililia kama aliyefiwa na baba. Mke wake alinipa ile cherehani. Ndiyo hii iliyo dirishani pale karakana, msiitupe.

Baadaye shirika moja lilijenga karakana Juru kwa ajili ya watu wenye ulemavu, wakanichukua nifundishe kushona. Tulifundisha kwa chaki na vipande vya magazeti vya kukatia patroni. Kisha siku moja gari likaleta kompyuta. Paneli za jua zikapandishwa juu ya bati, jenereta ikafungwa nyuma ya ukuta kwa siku za mawingu, na tukaambiwa kwamba kuanzia sasa walimu wengine watatoka mbali, watu ambao hatutawaona ila kwenye kioo cha kompyuta. Mwanafunzi angetazama somo la video, angeshona, tungepiga picha ya kazi yake na kuituma, na mwalimu wa huko angejibu kwa maandishi. Mimi nilikuwa wa kutafsiri majibu hayo, na wa kuwakanya waliotaka kutazama mpira.

Fundi wa mtandao alikuwa Agaba, kijana Munyankore kutoka Mbarara, mwenye tabia njema na maneno machache, aliyeniita nyabo, yaani mama kwa lugha yao.

"Nyabo, leo mtandao nakataa kabisa. Ngoja kidogo tu."

Kidogo ya Agaba niliifahamu mapema. Nilikuwa nikiisikia naweka maharagwe jikoni, na mara nyingi yaliiva kwanza. Kwa hiyo tukazoea kuyateremsha masomo mapema na kuyahifadhi, na mtandao ulipokatika tuliendelea bila kumwuliza mtu. Jenereta nayo ilikuwa upande wa pili wa ukuta niliokaa. Ilinguruma siku nyingi, miaka mingi, na sikuifikiria zaidi ya moshi wake. Nitairudia.

Kazi ngumu haikuwa kufundisha. Wanafunzi wetu wa kwanza walijua kazi, wakapata nafasi Mbarara na kwingine, wengine kwa mafundi, wengine madukani, na kabla msimu wa maharagwe haujaisha walikuwa wamerudi Juru mmoja mmoja. Hakuna aliyefukuzwa kwa matusi. Wengi waliachishwa kwa upole. Mwajiri alimchukua mtu kwa huruma, akampa kukaa mlangoni na kufagia, akamwambia pumzika, akamwambia leo nenda nyumbani mapema, mpaka siku moja akaona hana kazi ya kumpa. Nilikuwa nakasirika mpaka nashindwa kula. Ndipo tukaanzisha utaratibu wa Jumamosi: kila aliyepata kazi anakaa mbele ya kompyuta huko aliko, nami nakaa mbele ya yangu, tunazungumza. Nilitaka kusikia tatizo likiwa bado dogo.

Nsimire aliletwa na mama yake. Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu akiwa mtoto, kabla hawajavuka mpaka, na sauti yake ikabaki ya kuita tu, isiyo na maneno. Alisoma kidogo, akajua kuandika Kiswahili cha herufi kubwa. Mama yake alizungumza kwa ajili yake bila kupumua.

"Mwalimu, uyu mutoto ni muzuri, anafuaka, anapikaka, haibake. Lakini fasi yote banamuita bubu. Ata mi nimesahau kumuita jina, juu hasikiake."

"Jina lake nani?"

Mama yake alilitaja kwa shida, kama anayelitafuta, na hilo liliniuma.

Nsimire alikuwa kama amezaliwa kwa ajili ya somo la video. Siku spika zilipoharibika, darasa zima liliweka mikasi chini likamwita Agaba. Yeye aliendelea kukata. Kwake spika hazijawahi kufanya kazi. Alitazama mikono ya mwalimu kwenye kioo, akarudisha nyuma kidogo, akatazama tena, akafanya. Lugha ya ishara tuliijenga sisi wawili: nyingine alikuja nayo kutoka nyumbani, nyingine tulijifunza kwenye masomo, nyingine tulizitunga kwa hitaji la siku. Ishara ya Agaba ilikuwa kungoja na kukoroga sufuria.

Kanuni moja nilimpa tangu mwanzo, nami nilimaanisha: kazini usitoe macho kwenye nyuso za watu. Midomo yao, mabega yao, mahali wanapotazama, hizo ndizo habari zako. Asiyesikia akiinamisha kichwa, dunia imehama bila yeye. Aliishika kanuni hiyo kuliko nilivyotarajia.

Kazi aliipata Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, kwa Papa Elie, Mkongomani wa Kivu Kusini kama sisi, shemasi wa kanisa la Kiprotestanti, mwenye atelie ya kushona sare za kwaya, gauni za arusi na nguo za shule. Nilimpelekea shati alilolishona Nsimire. Kabla ya kuuliza nani kashona, aliligeuza ndani nje akapitisha kidole kwenye mshono. Nilimkumbuka Mzee Silasi, nikageuka nitazame barabarani ili asione uso wangu.

"Aanze juma tatu," alisema. "Kama hasikie, haizuru. Hapa kwangu bale banasikia ndio banasumbuaka."

Nsimire alipanga chumba mtaa wa Kakoba na binti mwingine wa Kongo. Jumamosi ya kwanza alikaa mbele ya kioo na uso uliojaa habari. Aliniambia kwa mikono kwamba kila cherehani ya Papa Elie imeandikwa jina la mwenye kuitumia, kwa chaki, na kwamba yake imeandikwa NSIMIRE. Wateja wanalisoma, wanamwonyesha kidole, midomo yao inalisema. Alinifanyia midomo hiyo: Nsi-mi-re. Juru alikuwa bubu. Nyamityobora alikuwa na jina. Mtandao ukakatika hapo hapo, akabaki kwenye kioo changu kinywa wazi na kidole hewani, nami nikakaa namtazama hivyo kwa furaha mpaka Agaba aliponiambia nizime.

Miezi michache ikapita vizuri. Kisha Jumamosi moja alikuja amevimba macho. Hakutumia mikono. Aliinua karatasi mbele ya kamera.

PAPA ANAFUKUZA MIMI MWISHO WA MWEZI. KAZI NZURI. SIJUI.

Nilimwuliza: umeharibu nguo? Hapana. Umechelewa? Hapana. Umegombana na mtu? Akatikisa kichwa, kisha akafanya ishara ya jina lililoandikwa kwa chaki, na kiganja kinacholifuta.

Nilikwenda Mbarara. Shirika lilitaka niombe ruhusa kwanza, nikaiomba nikiwa nimeshafika. Nilikuta atelie imejaa kazi, sare za kwaya za zambarau zimetundikwa ukuta mzima, na Nsimire kwenye cherehani yake kona ya dirishani. Chaki ilikuwa imefutwa nusu. Papa Elie alinipokea kwa heshima zote, akanipa kiti, akatuma soda iletwe.

"Bwana asifiwe, Mama Mwalimu. Mulisafiri muzuri?"

"Asifiwe, Papa. Nimesafiri vizuri, ila moyo hauko vizuri. Binti yangu ana kosa gani?"

Aliinama, akachezea chaki yake ya kukatia. Hakuwa mtu mbaya, na nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

"Kazi yake iko muzuri, siwezi kudanganya ku macho ya Mungu. Shida iko ku maombi. Hapa mbele ya kazi tunaombaka. Bote banasimama, banafunga macho. Yee anatuangalia tu, mumoja mumoja. Nimemuonyesha kwa mukono: funga. Anakatala."

"Papa, yeye hasikii. Anatumia macho."

"Ata mi najua. Lakini kuomba si kusikia, Mama. Mungu anamusikia yee. Afunge macho tu, ile ni kitu ya nguvu?" Akashusha sauti, kana kwamba Nsimire angesikia. "Na kitu inaniuma ni hii. Siku ya kwanza aliomba kupita bote! Maombi ilikwisha, sisi tukaanza kazi, yee angali amesimama, amefunga macho, mingi, mingi. Mi nilifurahi, nikasema Mungu ametuletea mutoto wa maombi. Kesho yake, basi. Macho wazi. Ile moto yote ilienda wapi?"

Akanieleza mengine. Wafanyakazi walikuwa wameanza kuogopa. Walisema anayetazama wenzake wakiomba anaiba maombi yao. Gauni ya bibi arusi iliungua kwa pasi mikononi mwa msichana mwingine kabisa, na lawama ikaangukia macho ya Nsimire. Kanisani wazee wenzake walimwuliza Papa Elie anafuga nini kwenye atelie yake.

"Mi ni shemasi, Mama. Nitawajibu aje?"

Niliweka soda chini. Niliwajua watu hawa, ni wangu. Kwetu maombi ndiyo mlango wa siku, na anayesimama ndani ya maombi macho wazi anatazamwa kama mtu anayengoja wengine wafumbe ili afanye jambo. Wala mimi mwenyewe sikujua kwa nini Nsimire hafumbi tu, amalize ubishi.

Nilimwita uani, penye mabeseni ya kufulia, nikamwuliza kwa mikono. Kwa nini hufumbi macho kwenye maombi?

Alifuta mikono kwenye kitenge chake. Kisha akanionyesha. Siku ya kwanza, wote wakasimama, wakafumba. Naye akafumba. Akaomba yake. Akamaliza. Akangoja. Hakujua kama wenzake wamemaliza, na kwa heshima hakutaka kufumbua kabla ya amina. Akangoja tena. Miguu ikachoka. Alipofumbua, wote walikuwa wamekaa kwenye cherehani, kazi inakwenda, na nyuso zote zimemwelekea yeye. Akanifanyia nyuso hizo: mashavu yaliyojaa, viganja mdomoni, mabega yanayoruka. Wanacheka. Kisha akafumba macho yake mwenyewe kwa vidole viwili, akavitoa, akatikisa kichwa. Sifumbi tena. Wewe ndiye uliyesema nisifumbe.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Niliona uchungu, na niliona pia kwamba wote wawili wana haki, jambo ambalo mwalimu halipendi. Papa Elie alikuwa amemwonea fahari kwa saa ile ile ambayo yeye aliaibika kuliko zote. Na ningekwenda kumweleza hivyo, angenijibu: basi nitawakanya wasicheke, afumbe. Angekuwa ameelewa maneno, basi. Nami nilihitaji aelewe miguu ilivyochoka.

Asubuhi iliyofuata niliwahi atelie. Nilikuwa na hofu, niseme kweli. Papa Elie akichukia, Nsimire angerudi Juru siku hiyo hiyo, na hakuna fundi mwingine wa Nyamityobora angemchukua mwanafunzi wetu tena, kwa kuwa mafundi husimuliana. Nilichomoa pamba kidogo kwenye mfuko wa pamba ya kujazia mabega ya koti, nikamfuata kwenye meza ya kukatia.

"Papa, nina ombi moja. Leo mwache Mama Sifa aongoze maombi. Wewe ziba masikio kwa pamba hii, funga macho, uombe. Ukimaliza, fungua."

Alirudi nyuma. "Kuziba masikio mbele ya Mungu, Mama?"

"Mungu ndiye atasikia. Wewe umeniambia jana kuomba si kusikia."

Aliweka chaki yake mezani. Nadhani mtu mwingine angenifukuza. Yeye alikuwa mtu wa kugeuza nguo ndani nje kabla ya kusema neno, na naamini ndiyo sababu alinyosha mkono akaichukua pamba.

Wote walisimama. Mama Sifa, mshonaji mkubwa kuliko wote pale, aliomba kwa kifupi. Aliombea kazi, wateja na wagonjwa, akasema amina. Niliwafanyia wasichana ishara wakae wasianze kukanyaga. Wakakaa. Nsimire akakaa. Papa Elie akabaki amesimama katikati ya atelie yake, kichwa chini, mikono imefumbatana.

Kwanza midomo yake ilikwenda. Kisha ikasimama. Akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Niliona kope zake zinatetemeka, na nikajua anataka kufumbua, na nikajua hatafumbua, kwa kuwa ni shemasi na hajui kama amina imekwisha kusemwa. Jasho likamtoka kwenye paji. Nje boda boda zilipita zinapiga honi. Yeye hakuinua kichwa. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wasichana alianza kulia kimya kimya, na mimi mwenyewe nilitamani kulimaliza lile jambo lakini nikajizuia.

Aliyelimaliza ni Nsimire. Aliinuka kwenye cherehani yake, akamwendea, akachukua mkono wake wa kulia akaubonyeza, mara moja tu, kwa upole.

Papa Elie akafumbua macho. Akamwona yeye kwanza. Kisha akatuona sisi wote tumekaa. Alichomoa pamba, sikio moja kisha la pili, akaitazama kiganjani.

"Siku ile ya kwanza," alisema, "alisimama kiasi gani?"

Wasichana walitazamana. Kisha Mama Sifa akajibu, macho sakafuni.

"Mingi, Papa. Kupita wewe. Na tulicheka."

Papa Elie akavuta kiti akakaa. "Na mi nilisema anaomba," alisema. Akalirudia, safari hii kwa kujiambia mwenyewe. Kisha akafunika uso kwa viganja, na siku ile atelie ilichelewa kuanza kazi.

Sikumwuliza atafanya nini. Mambo mengine mtu huachwa ayamalize mwenyewe. Alinisindikiza hadi barabarani, akasema tu, "Mama Mwalimu, mwisho wa mwezi haiko." Mambo mengine niliyasikia Jumamosi kupitia kioo. Sasa wakati wa maombi Papa Elie anasimama pembeni ya Nsimire. Nsimire anafumba macho. Amina ikisemwa, Papa Elie anambonyeza mkono. Siku asipokuwepo, Mama Sifa anafanya. Wazee wa kanisa walipokuja kuuliza tena, aliwapa pamba. Sijui kama kuna aliyekubali kuzibia masikio. Na jina kwenye cherehani halikuandikwa tena kwa chaki. Alichukua rangi ya mafuta na brashi ndogo, akaliandika kubwa, limepinda kidogo upande wa E.

Tangu hapo, kila nilipompeleka mtu kazini, niliuliza siku ya hapo inaanzaje. Niliacha kuuliza kwanza kuhusu ngazi na vyoo, ingawa navyo ni lazima. Niliuliza: mnaomba? Mnasalimiana vipi? Chai mnaitana kwa mdomo au kwa kengele? Nani anakaa kando ya nani? Mwalimu wa mbali hawezi kuyajua hayo, naye halaumiwi. Yule wetu wa kwenye kioo alifundisha kola vizuri kuliko mimi. Lakini kazi mtu haipotezi kwenye kola. Mkiniacha na jambo moja tu la kuwaambia, ni hilo.

Nsimire alikaa Nyamityobora, akawa mkataji, na baadaye tukamwomba awe upande wa pili wa kioo. Jumamosi yeye ndiye aliyewafundisha wanafunzi wasiosikia wa Juru kwa mikono yake, na mama yake alikuwa anakuja kukaa nyuma ya darasa, hana anachoelewa, anamtazama tu. Akiulizwa yule ni nani, alijibu kwa jina kamili.

Sasa ile jenereta. Sikio la kushoto lilianza kwanza, nikahamisha kiti. Kisha la kulia likafuata. Sikuwaambia. Nilijifanya nimechoka, nilijifanya mkali, mtu akiniuliza jambo nilimwambia aandike, nanyi mkaona ni desturi ya mwalimu mzee. Nilianza kujibu wanafunzi mambo ambayo hawakuuliza. Aliyenigundua ni Nsimire, kutoka Mbarara, kwenye kioo. Siku moja aliacha somo katikati, akanitazama mimi niliyesimama nyuma ya darasa, akauliza kwa mikono: unatazama midomo yao, tangu lini?

Nilimjibu kwamba ashughulike na kazi yake. Hakucheka. Alifanya ishara yetu ya kale: usitoe macho kwenye nyuso. Nilikwenda nyumbani nikalia, kisha nikaandika barua ya kuacha kazi. Mwalimu asiyesikia anaweza kufundisha, nami nimewahubiria watu hivyo miaka mingi, lakini nilikuwa pia na umri, na niliona ni zamu yake.

Mlinifanyia sherehe karakana, mwaka huu wa 2015. Mlipika vizuri, wali ulikuwa na chumvi nyingi. Papa Elie alitoka Mbarara pamoja na Nsimire, akaombwa afunge kwa maombi. Tulisimama wote. Nilisikia "Ee Baba yetu," kisha sauti yake ikazama kwenye mngurumo wa jenereta na sikuisikia tena. Nilifumba macho. Niliwaombea ninyi, nikamwombea Mzee Silasi, nikayaombea pia masikio yangu. Nikamaliza. Nikangoja.

Nilijua kabisa mahali nilipo. Nilijua kwamba pengine mmekaa, na pengine bado, na kwamba mwalimu wa miaka yote hiyo hawezi kufumbua macho katikati ya maombi ya shemasi mbele ya watu wote. Miguu ilianza kuchoka. Niliogopa, wanangu, namna ambayo sikuogopa hata njiani mwaka 1996.

Kisha mtu akachukua mkono wangu wa kulia akaubonyeza, mara moja.

Nilifumbua macho. Nsimire alikuwa amesimama mbele yangu, na nyuma yake ninyi nyote mlikuwa mmekwisha kukaa. Hakuna aliyekuwa anacheka.